Kichwa Chini, Miguu Juu: Mbona Mtoto Tumboni Damu Haimjai Kichwani?

NDUGU msomaji, leo usiku kabla hujalala fanya jaribio dogo. Lala chali kitandani, teremsha kichwa mpaka kiguse sakafu, miguu ibaki juu. Kaa hivyo dakika tatu tu. Uso utavimba, mishipa ya shingo itasimama, masikio yatapiga ngoma, na kama jioni ulishindilia wali maharage utajuta kunifahamu.

Sasa fikiria kuna mtu anakaa mkao huo wiki nne, tano, hata nane, halafu siku ya siku anatoka yuko fiti, analia kwa sauti na anataka kunyonya. Huyo ni wewe, na mimi, na karibu kila mtu unayemwona kwenye daladala.

Mimi mwenyewe nisingewaza habari hizi kama si kadi ya kliniki. Mke wangu alikuwa na ujauzito wa wiki 30, wa kwanza kwetu. Nesi akampapasa tumbo, akaguna, akaandika kwamba mtoto ametanguliza makalio. Yaani kichwa kiko juu kwenye mbavu za mama, matako yako chini mlangoni. "Mtakuja tena tumwangalie," akasema, akamwita anayefuata.

Nikaenda kijiweni nimenuna. Washikaji wakaniuliza kulikoni, nikawaeleza. Hapo ndipo nilipokosea.

"Afadhali akae hivyo hivyo," akasema mmoja. "Akigeuka kichwa chini damu yote si itamjaa kichwani?"

"Hujui kitu wewe," akadakia mwingine, yule anayejifanya profesa wa kila kitu. "Kichwa ndicho kizito. Mvutano wa dunia unakivuta chini kama embe mtini. Sasa wa huyu jamaa kichwa kimebaki juu. Maana yake nini? Hakina kitu ndani!"

Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Nami nikacheka, lakini cheko la meno tu. Usiku nikabaki nakodolea dari. Mwanangu hajazaliwa, tayari ameshaitwa bumbuwazi!

Jumapili nikafunga safari hadi Magomeni kwa shangazi yake mke wangu, mkunga mstaafu aliyezalisha watu mpaka akaacha kuhesabu. Nikampa shikamoo, nikamwaga yote. Hakucheka. Aliniagiza dukani nikanunue puto mbili.

ANAELEA, HABEBI UZITO WAKE

Shangazi alijaza maji kwenye puto moja, akaifunga, akaiweka juu ya meza. Puto ikalala bapa kama donge la chapati. Kisha akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Mara ikawa duara nzuri, inaelea katikati, haijui juu wala chini.

"Unaona, baba? Mezani inajilalia yenyewe. Ndani ya maji, maji ndiyo yanayoibeba."

Hiyo ndiyo siri ya kwanza. Mtoto tumboni anaishi ndani ya ile chupa ambayo siku ya uchungu tunasema imepasuka. Chupa hiyo imejaa maji ya uzazi. Karibu na wiki ya 34 yanafika kiasi cha mililita 800, halafu yanapungua taratibu kuelekea siku ya kujifungua. Miezi ya mwanzo mtoto ni laini kama ute wa yai. Angekuwa mahali pakavu, uzito wake mwenyewe ungembonyeza kama ile puto mezani. Maji yanamwinua kila upande, kama tulivyofundishwa sekondari habari za Archimedes, kwa hiyo mikono, miguu na uti wa mgongo vinapata nafasi ya kujitengeneza bila kulemewa.

Na damu kichwani? Jibu liko humo humo kwenye ndoo. Sisi tukipinduka juu chini, damu inasukuma mishipa ya kichwa kutoka ndani, na nje kuna hewa tu, haina ubavu wa kuizuia. Mtoto amezungukwa na maji yenye uzito unaokaribia ule wa mwili wake. Damu ikisukuma kutoka ndani, maji yanasukuma kutoka nje karibu kwa nguvu ile ile. Ngoma droo. Isitoshe hapumui kwa mapafu, hewa yake inakuja kwa damu kupitia kondo la nyuma na kitovu. Kichwa chini au kichwa juu, kwake yote ni sebuleni.

KICHWA KIZITO AU CHUMBA KIDOGO?

Nikamwuliza habari ya profesa wa kijiweni. Je, ni kweli mtoto anageuka kwa sababu kichwa ni kizito?

Kumbe jamaa yetu si wa kwanza kusema hivyo. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika kwamba sehemu iliyo juu ya kitovu ni nzito kuliko iliyo chini yake, basi mtoto anainama upande wa kichwa kama mizani iliyozidiwa upande mmoja. Ni hoja yenye mantiki, na mpaka leo haijatupwa moja kwa moja.

Lakini ina tatizo. Kama ni uzito peke yake, mtoto ambaye kichwa chake kimejaa maji, wale tunaosema wana kichwa kikubwa, angekuwa wa kwanza kugeuka. Madaktari wanaona kinyume. Watoto hao ndio wanaokutwa mara nyingi zaidi wametanguliza makalio!

Maelezo yanayokubalika zaidi ni ya nafasi. Mji wa mimba umekaa kama pea lililopinduliwa, juu kuna upana, chini kumebana. Mtoto akiwa mdogo anabingirika anavyotaka. Akikua chumba kinakuwa kidogo, naye anahangaika kutafuta mkao. Miguu iliyokunjwa pamoja na makalio inachukua nafasi kubwa, tena miguu inataka kurusha mateke, kwa hiyo inaelekea kule juu kwenye upana. Kichwa kinaenda kwenye wembamba. Mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi, kwake kichwa ndicho kinachotafuta upana. Mvutano unaweza kusaidia, lakini si wenye usukani.

Hesabu zinaunga mkono. Katika wiki ya 28, kama robo ya watoto bado wametanguliza makalio. Wakati wa kuzaliwa ukifika, wanabaki asilimia 3 mpaka 4 tu. Maana yake wengi mno wanageuka wenyewe, bila dawa wala mganga.

"Kwa hiyo wiki ya 30 hiyo," akasema Shangazi akinimiminia chai, "wewe ulichanganyikiwa mapema mno."

PANYA WENYE MIMBA ANGANI

Niliporudi nyumbani roho imetulia, lakini udadisi ulikuwa umeshanishika. Nikajiuliza: je, mvutano ukiondolewa kabisa, mtoto atajengeka? Hapa duniani huwezi kuuzima kama taa. Lakini angani, ndani ya chombo kinachozunguka dunia, kila kitu kinaelea. Kumbe wanasayansi walishajiuliza zamani.

Mwezi Desemba 1983, Urusi ya wakati ule, yaani Muungano wa Kisovieti, ilirusha chombo cha Kosmos 1514 kikiwa na panya 10 wenye mimba, wakakaa huko siku 5. Marekani nayo ikarusha panya wenye mimba kwenye safari mbili za vyombo vyake, moja Novemba 1994 na nyingine Julai 1995. Panya anabeba mimba siku kama 22 tu, kwa hiyo hawa wa Marekani waliishi angani karibu nusu ya pili yote ya ujauzito, kisha wakarudishwa duniani kuzaa.

Walizaa? Walizaa, tena watoto wazima. Ila wakati wa uchungu, akina mama wale walijikaza mara mbili zaidi ya wenzao waliobaki ardhini.

Uhondo wenyewe ulikuwa kwa watoto. Mtafiti April Ronca na wenzake waliwaachia vichanga wale kwenye maji ya uvuguvugu wakiwa chali. Kichanga wa kawaida anajigeuza kifudifudi bila kufundishwa na mtu. Wale waliokulia angani walisuasua, kama watu wasiojua juu ni wapi na chini ni wapi. Baada ya siku chache duniani wakawafikia wenzao.

Sababu iko sikioni. Ndani kabisa ya sikio tuna vyombo viwili vya mizani. Kimoja kina mifereji mitatu ya maji maji, kazi yake kutambua mwili unapozunguka. Kingine kina vichembe vya chokaa vilivyokaa juu ya vinyweleo vidogo sana. Dunia inavivuta vichembe hivyo, vinalalia vinyweleo, ubongo unapata habari: chini ni huku. Angani vichembe vinaelea, habari haifiki. Lakini panya wale mama zao walikuwa wakibingirika ovyo humo chomboni, mara saba zaidi ya kawaida, na ile mifereji ya mzunguko ya watoto ilionekana kukomaa zaidi. Kilichopewa kazi kilisonga mbele, kilichokosa kazi kikachelewa.

Hapo nami nikakwama. Si tumesema mtoto tumboni anaelea? Mbona yeye hana tofauti na panya wa angani?

Tofauti ipo, tena kubwa. Maji yanabeba mwili, lakini hayazimi mvutano. Wanaanga wa Marekani wanafanya mazoezi kwenye bwawa lenye kina cha mita 12 huko Houston, wanaelea humo kama wako angani. Lakini mmoja akipinduliwa kichwa chini, anajua kabisa kwamba kapinduka. Vichembe vyake vya sikioni bado vinavutwa. Mtoto tumboni ni hivyo hivyo. Mama akiinama kufagia, akipanda ngazi, akilala ubavu, akirushwa na matuta ya barabarani, kile chombo kidogo cha sikioni kinapata masomo. Kwa hiyo mama anayetembea sokoni anafundisha darasa bila kujua.

VYURA, MAYAI NA SWALI LA MWANADAMU

Viumbe wengine nao walipelekwa. Mwaka 1989 mayai 32 ya kuku yalikwenda na chombo cha Discovery. Nusu yalikuwa yameatamiwa siku 2, nusu siku 9. Yaliporudi, yale ya siku 2 hakuna lililopona, ya siku 9 yaliendelea vizuri. Mwaka 1992 Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi kwenda angani, alishughulikia mayai ya vyura yaliyorutubishwa huko huko juu, nayo yakawa viluwiluwi wanaoogelea. Mwaka 1994 samaki wadogo wa Kijapani walipandana angani, wakataga mayai 43, na vifaranga 8 wakaanguliwa kabla ya kurudi. Wajameni, hata fungate ya angani imeshafanyika!

Kwa wanyonyeshao, Wajapani walipeleka viinitete vya panya kwenye kituo cha anga mwaka 2021, vikakua siku nne za mwanzo vizuri tu. Matokeo yakatangazwa mwaka 2023. Yai la kuku lina kiini kizito, la panya na la binadamu halina, na huenda ndiyo maana siku za mwanzo hatuutegemei sana mvutano.

Na binadamu? Hakuna mwanamke anayejulikana kubeba mimba angani. Wanaanga wa kike wanapimwa kabla ya kuruka, kwa sababu mbali na kuelea kuna mionzi mikali huko. Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda angani, aliruka Juni 1963, akaolewa na mwanaanga mwenzake Novemba mwaka huo huo, akajifungua binti mzima Juni 1964. Lakini mimba hiyo ilikuwa ya hapa hapa ardhini.

TEKE LA KILO TANO

Mwili wa mtoto haujengwi kwa kuelea tu, unataka na mazoezi. Wanaanga wakikaa angani miezi mingi mifupa yao inapungua nguvu, kwa sababu haibebi mzigo. Sasa mtoto anayeelea miezi tisa mifupa yake inakazaje?

Kwa mateke, mzee. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha Imperial College London walipima nguvu za mateke ya watoto tumboni. Wiki ya 20 teke lina nguvu sawa na kuinua kilo 3 hivi. Wiki ya 30 linafika karibu kilo 5, sawa na ule mfuko wa sembe dukani! Baada ya wiki ya 35 linashuka mpaka chini ya kilo 2, maana chumba kimebana. Kila akisukuma ukuta, mifupa na viungo vyake vinabanwa, na kubanwa huko ndiko kunakovipa umbo. Ndiyo sababu mtoto aliyekaa kitako mpaka mwisho anapozaliwa wanampima nyonga kwa makini, kwani yeye yuko kwenye hatari zaidi ya nyonga isiyokaa sawasawa.

Tangu nijue hayo, mke wangu akisema "kanipiga teke la mbavu", nampa mtoto hongera.

MVUTANO UNAPOMGEUKIA MAMA

Sasa tuache utani. Nilipomweleza Shangazi mambo ya panya na vyura alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja.

"Mkeo analalaje?"

Nikasema chali, kazoea hivyo tangu utotoni.

Akaweka kikombe chini. "Kuanzia leo alale ubavu."

Ndugu msomaji, hapa ndipo mvutano wa dunia unapoacha kuwa habari za kijiweni. Mwishoni mwa ujauzito, mtoto, maji, kondo la nyuma na mji wa mimba vinafika kilo 5 na zaidi. Mama akilala chali, mzigo wote huo unaangukia uti wa mgongo, na hapo pembeni ya uti kuna mshipa mkubwa unaorudisha damu ya sehemu ya chini kwenye moyo. Ukibanwa, damu inayorudi inapungua, mama anaweza kupata kizunguzungu na kutoka jasho, na damu inayokwenda kwa mtoto inapungua pia. Wengine hawasikii dalili yoyote.

Watafiti walikusanya takwimu za New Zealand, Australia na Uingereza, wakazitoa kwa pamoja mwaka 2019. Waliona kwamba wanawake waliolala chali kuanzia wiki ya 28 walikuwa na hatari zaidi ya mara mbili ya mtoto kufia tumboni, wakilinganishwa na waliolala ubavu wa kushoto. Bado kwa kila mama mmoja mmoja jambo hilo ni la nadra, msianze kupiga mayowe. Lakini kinga yake ni bure. Lala ubavu, wa kushoto au wa kulia, vyote sawa. Ukishtuka usiku umelala chali, usihangaike, geuka tu uendelee kulala. Na mtoto akipunguza kucheza kuliko ulivyomzoea, usingoje kesho wala ushauri wa jirani, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mke wangu alianza kulala ubavu usiku ule, mto mgongoni. Mimi nikabakiwa na robo ya kitanda. Sikulalamika.

NANI KAMGEUZA?

Zile wiki zilizofuata nyumba yetu iligeuka kliniki ya mtaa. Jirani mmoja akaagiza mke wangu apige magoti makalio juu robo saa kila asubuhi. Mwingine akaleta tochi, eti amulike chini ya tumbo mtoto afuate mwanga. Wa tatu, mama mmoja mwenye mikono kama ya bondia, akajitolea kumkanda tumbo amgeuze mwenyewe.

Shangazi aliposikia la huyo wa tatu alikuja na bajaji siku hiyo hiyo. Akasema magoti hayana madhara makubwa, lakini watafiti hawajaona uthibitisho kwamba yanamgeuza mtoto. Tochi ni ya kutafutia choo. Ila kukandwa tumbo, marufuku! Kumgeuza mtoto kwa mikono ni kazi ya daktari, kuanzia wiki ya 36 au 37, hospitalini, mapigo ya moyo wa mtoto yakiangaliwa na chumba cha upasuaji kikiwa tayari. Hata huko kwa wenye ujuzi, inafanikiwa kama mara moja katika kila mbili. Ikishindikana daktari atapanga na mama njia ya kujifungua, na mara nyingi ni upasuaji. Si aibu, wala si mkosi.

Wiki ya 34, saa nane usiku, mke wangu aliniamsha. Tumbo lilikuwa likienda upande kama kuna mtu anahamisha makochi ndani. Asubuhi likaonekana na umbo jingine. Kliniki nesi akapapasa, safari hii hakuguna. Kichwa kiko chini.

Habari ikafika mtaani kabla sisi hatujashuka kwenye daladala. Mama wa magoti akadai ni magoti. Mama wa tochi akadai ni tochi. Profesa wa kijiweni yeye akasimama kabisa kwenye benchi: "Niliwaambia! Kichwa kimeshajaa, mvutano umekivuta!"

Nikamwacha. Nilikuwa na haraka, nilitumwa mto wa pili.